Kitu cha bure, matusi ya nini?

Jamani, hivi mtu anayekupa kitu bure unamtukania nini?

Nauliza kwa sababu kuna tabia ya wasomi wenzangu inayonichefua. Mtu kapakua programu huria, hajatoa hata senti, ikigoma kidogo anawaandikia waliotengeneza: "Haifanyi kazi. Rekebisheni haraka." Basi! Hasemi ni toleo lipi, alibonyeza nini, kompyuta ilimwandikia nini. Hata fundi redio wa mtaani atakuuliza kwanza imeharibikaje. (Na mimi nimewahi kuandika hivyo, nakiri. Sikujibiwa, na nilistahili.)

Na msiniambie ni suala la adabu tu. Chukueni xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo karibu kila Linux. Kwa miaka ilitunzwa na mtu mmoja anayejitolea, Lasse Collin wa Finland. Mwaka 2022 wakaanza kumsakama: mbona unachelewa, mwachie mwingine. Akawaeleza kwamba afya yake si nzuri na kazi hii halipwi. Wapi! Aliyejitokeza "kumsaidia" alijiita Jia Tan, akaaminiwa, na mwaka 2024 akapachika mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Wale wasakamaji nao inaaminika walikuwa majina ya bandia tu. Nadhani walijua kelele za namna hiyo tumezizoea, hakuna atakayeshtuka. Hapo ndipo panaponiuma.

Sasa mtazameni Andres Freund, aliyeugundua mlango huo. Aliona kuingia kwenye seva kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Hakufoka. Alipima, akafuatilia mpaka akafika xz, akawaarifu kwanza watu wa usalama faraghani, kisha tarehe 29 Machi 2024 akaweka yote hadharani: matoleo, vipimo, na hata kukiri kwamba yeye si mtafiti wa usalama.

Eti wewe huna muda wa kuandika mistari kumi? Unayemwandikia naye ana kibarua chake mchana. Kama hujaangalia iwapo tatizo limesharipotiwa, wala hujajaribu toleo jipya, tulia kwanza.

Makampuni ndiyo yamezidi. Januari 2022 moja kubwa ilimwandikia Daniel Stenberg, mtunzaji wa curl, ikidai majibu ya maswali yake ndani ya saa 24. Haikuwa imemlipa chochote. Akawajibu kwamba atayajibu yote kwa furaha, wakishasaini naye mkataba wa malipo. Safi sana!