Miale Itokayo Mbali na Khabari Isiyohakikishwa



Wiki iliyopita, baada ya swala ya Isha, mzee mmoja wa jamaa yetu alinieleza kwamba alizima simu yake usiku kucha ilhali mkewe amelazwa hospitalini. Sababu ni ule ujumbe uliosambazwa katika kundi la msikiti, udaio kuwa kati ya saa 6:30 na saa 9:30 usiku miale kutoka sayari ya Mirihi itapita karibu na ardhi, na kwamba simu iliyo karibu na mwili italeta madhara. Ujumbe huo si mpya. Umezunguka nchi nyingi kwa zaidi ya miaka kumi, na daima husema ni "usiku wa leo". Aya ya 6 ya Suratul-Hujurat inatuamrisha kuhakikisha khabari, basi na tuihakikishe hii.

Miale yenyewe ipo kweli. Tarehe 7 Agosti 1912, Victor Hess wa Austria alipanda kwa puto hadi zaidi ya mita 5,000 akiwa na vipimo vyake, akakuta mionzi inazidi kadiri anavyopanda. Kama ingetoka ardhini, ingepungua. Mwezi Aprili mwaka huohuo alikuwa amekwisha kuruka wakati wa kupatwa kwa jua, na mionzi haikupungua. Kwa hiyo akaona kuwa jua silo asili yake kuu. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1936.

Leo tunajua kwamba hiyo si miale kama ya mwanga, bali ni chembe: viini vya atomu vilivyovuliwa elektroni zake. Takriban tisa katika kila kumi ni viini vya haidrojeni, vilivyobaki aghalabu ni vya heliamu, na vichache ni vizito zaidi hata kufikia chuma. Vinapoigonga hewa huvunjika na kumwaga manyunyu ya chembe ndogo, na kiasi cha chembe moja hupenya kiganja chako kila sekunde, usiku na mchana, simu ikiwa wazi au imezimwa. Hakuna saa maalumu, wala Mirihi haihusiki.

Wataalamu wanahangaishwa zaidi na zile chembe chache zenye nguvu zisizo na mfano. Tarehe 15 Oktoba 1991, huko Utah, Marekani, ilinaswa moja iliyobeba nguvu inayokaribia ile ya mfuko wa mchele wa kilo 5 ukidondoka kutoka kimo cha mita 1. Mfuko una atomu zisizohesabika. Hiyo ilikuwa chembe moja tu! Chembe za daraja hilo hazifiki hata moja kwa kilomita ya mraba katika miaka 100. Kwa hiyo huko Malargüe, Argentina, yametandazwa matangi zaidi ya 1,600, kila moja likiwa na lita 12,000 za maji safi, katika eneo la kilomita za mraba 3,000. Pembeni ziko darubini zinazotazama mng'ao hafifu wa manyunyu hewani, nazo hufanya kazi katika usiku wa giza usio na mbalamwezi. Sisi tunaohesabu miezi kwa mwandamo tunazijua vyema siku hizo.

Zinatoka wapi? Ugumu ni kwamba chembe hizi zina chaji, na nguvu za sumaku zilizoenea angani huzipindisha njiani, hata upande zinakofikia si lazima uwe ndio zilikotoka. Kiini kizito hupindishwa zaidi kuliko chepesi. Ndiyo maana anayetafuta asili hana budi kujua kwanza kiini ni cha aina gani. Hilo hukadiriwa kwa kuangalia manyunyu yamefikia upeo wake juu kiasi gani, kwani kiini kizito hutawanyika mapema zaidi hewani. Mwaka 2017 watafiti wa Argentina walionyesha kuwa zile zenye nguvu kubwa sana hutoka nje ya galaksi yetu, na vipimo vyao vinaonyesha kuwa kadiri nguvu inavyozidi, ndivyo viini vinavyokuwa vizito.

Nimewasikia baadhi ya wahubiri wakisema kuwa Suratut-Tariq ilikwisha kuitaja miale hii. Sioni haja ya kuitundika Qur'ani kwenye jambo ambalo wenye fani wenyewe hawajalimaliza. Mnamo Mei 27, 2021, Utah ilinasa chembe nyingine kubwa, ikaitwa Amaterasu. Walipofuata njia yake kinyumenyume, ilielekea mahali palipo karibu patupu, pasipo galaksi za kutosha kuielezea.

Matangi ya Argentina sasa yameongezewa vifaa vya kupambanua vizuri zaidi viini vizito na vyepesi, na mkataba wa kazi hiyo umeongezwa hadi mwaka 2035.