Nani Aliyetazama?

Wandugu, kuna uongo mmoja nausikia kila tunapokutana kusomeana mashairi: eti mitandao inasafishwa na mashine. Nami niliumeza. Mwaka jana video ya kijana anayepigwa mawe na kundi la watu ilinijia kwenye simu. Nikairipoti. Kesho yake, haipo! Nikasema, aa, mashine hii kali, nikalala zangu.

Sasa najiuliza: nani aliyeitazama hadi mwisho ili mimi nilale?

Mashine hutambua ilichofundishwa, na mwalimu wake ni macho ya mtu. Tarehe 15 Machi 2019, huko Christchurch, New Zealand, muuaji alirusha moja kwa moja kwenye Facebook alivyokuwa akiwapiga risasi waumini msikitini. Watu 51 walikufa. Mashine haikumshtukia. Kampuni ilisema baadaye kwamba katika saa 24 iliondoa nakala milioni 1.5, na kati ya hizo milioni 1.2 zilizuiwa zikiwa zinapakiwa. Piga hesabu mwenyewe: 300,000 zilipenya. Na hizo zilizozuiwa, zilizuiwa kwa kuwa ya kwanza ilikwisha kujulikana.

Macho hayo yalikuwa pia hapa Nairobi. Vijana kama sisi, wengine wametoka Ethiopia, Somalia, Afrika Kusini, waliajiriwa na kampuni ya Sama kuichujia Facebook: vichwa vilivyokatwa, watoto walioumizwa, watu wanaojiua. Siku nzima. Wapo waliolipwa kama dola 1.50 kwa saa. Mwaka 2022 mmoja wao, Daniel Motaung, akaenda mahakamani. Mwaka 2023 wenzake zaidi ya 180 wakafuata, baada ya kuachishwa kazi. Mwezi Desemba 2024 ikaelezwa kwamba daktari aliwapima, na zaidi ya 140 wana maradhi ya akili yatokanayo na mambo ya kutisha waliyoyaona.

Na Meta, mwenye Facebook, ilijibu nini? Eti mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake! Jamani! Wateja wetu inawataka, matangazo yetu inayataka, ila hakimu wetu hapana. Mahakama ilikataa hoja hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Rufani ikaikataa tena Septemba 2024. Kumbukeni kwamba mwaka 2020 kampuni hiyohiyo ilikubali kutoa dola milioni 52 kwa wachujaji wa Marekani walioumia kwa kazi ileile. Kwani jinamizi la Nairobi ni dogo kuliko la California?

Kuna mwenzetu atasema: basi zisifutwe, kila mtu aone atakalo. Hapana. Yule kijana wa mawe ana mama, na mama ana simu. Zifutwe. Lakini afutaye aajiriwe na mwenye mtandao mwenyewe, si kwa mlango wa nyuma. Alipwe vizuri, apate daktari, na aruhusiwe kusema anachokiona.

Mzoa taka wa mtaani tunamwona alfajiri, tunampa hata salamu. Huyu hatumwoni. Sisi tunaojiita waandishi tumeandika mangapi juu ya mapenzi na mvua? Toleo lijalo naleta hadithi yake. Wewe unaleta nini?