Daktari aambiwe pia kuhusu Septrin

Watu wangu wa Busia na Malaba, huku mtoto akipauka tu tunasema ni malaria. Sawa, malaria ipo, tena sana. Lakini ile Septrin ya kemisti ya juzi, mbona hatuitaji kwa daktari? Ina salfa. Kwa watoto wachache hushusha seli za damu, na aliyezaliwa na upungufu wa G6PD, ambao si nadra kwenye maeneo ya malaria, seli nyekundu zinaweza kupasuka. Macho yanakuwa ya njano, mkojo kama strungi. Shida ni kwamba malaria kali pia hufanya hivyo. Mkimbize hospitali na ubebe chupa ya dawa, hata kama uliinunua ng'ambo kule Uganda. Na nyinyi wa kemisti, kuuliza “kuna dawa ilishawahi kumharibia damu?” kunachukua sekunde ngapi kweli?