Umeogelea Gozo, Lakini Umeona Nini?

Iwapo unao jamaa Ulaya, huenda umekwisha onyeshwa picha za Gozo. Ni kisiwa kidogo cha nchi ya Malta, kusini ya Sisilia, chenye kilomita za mraba 67 tu. Unguja yaweza kukimeza zaidi ya mara ishirini. Picha ni zile zile: kijana yu ukingoni mwa mashua, miwani ya maji usoni, mtungi wa hewa mgongoni. Ukimwuliza ameona nini, hujibu kuwa maji ni mazuri mno.

Mimi sina ugomvi na kuogelea. Wako miongoni mwetu wanaodhani kila aliyevua kanzu akaingia majini amekwenda kufanya maasi, na hayo si maneno ya dini. Wanazuoni wamepokea kuwa kuogelea ni katika michezo asiyokatazwa Muislamu, na agizo la kuwafundisha watoto kuogelea linanasibishwa na Sayyidna Umar. Kuzamia kwa mtungi nako ni elimu. Mwanafunzi huanza katika maji haba, akafundishwa kupumua taratibu, kuyaweka sawa masikio kila anaposhuka, na kutoziba pumzi hata kidogo anapopanda, kwani hewa iliyofungwa kifuani hutanuka na yaweza kupasua mapafu. Baadaye hupelekwa Dwejra, magharibi ya kisiwa, penye shimo la bahari liitwalo Blue Hole, kina chake mita kama 15. Na nguo ya kuzamia hufunika mwili tangu shingo hadi vifundoni. Basi anayesema mchezo huu hauchezeki ila uchi anatafuta kisingizio. (Kubana inabana, hilo kweli, jitupie vazi pana ukitoka majini.)

Ugomvi wangu ni na yule anayekaa Gozo siku saba, akazamia mara kumi, asipande Victoria hata mara moja.

Mji huo wenyeji wangali wanauita Rabat. Juu ya kilima chake ipo ngome, na ndani ya ngome mna makumbusho ya mambo ya kale. Humo limewekwa jiwe la marumaru la kaburi la mwanamke wa Kiislamu, Maimuna binti Hassan, aliyefariki mwezi wa Shaaban mwaka 569 wa Hijra, yaani 1174. Limechongwa kwa khati ya Kikufi, na upande wa nyuma lina nakshi za Warumi waliolitumia kabla. Maneno yake yanamsemesha apitaye: yanamwuliza kama yuko yeyote aliyedumu duniani, na kumwambia kuwa kasri halikumwokoa aliyelala hapo.

Hebu utazame mwaka ule. Waislamu waliitwaa Malta mwaka 870, nao Wanormani wakaja mwaka 1091. Maimuna alikufa miaka 83 baada ya hapo, na bado jamaa zake waliweza kumchongea aya za Qur'ani. Hawakufutwa kwa siku moja! Ni katika karne ya 13 ndipo waliosalia wakafukuzwa au wakaingia Ukristo, na adhana ikanyamaza.

Kilichobaki ni lugha. Mtu wa Gozo akihesabu husema sitta, sebgħa, disgħa. Bahari kwake ni baħar. Mungu humwita Alla, na Kwaresima yake huiita Randan. Je, mzazi wa pwani, hayo hayakushtui? Sisi twajigamba kuwa lugha yetu imejaa maneno ya dini, tukadhani mtoto akisema inshallah na alhamdulillahi basi amelelewa. Chuoni haendi, nyumbani hasomeshwi, jina la babu wa babu yake halijui. Gozo maneno yapo.

Wala usitazame yale yakupendezayo tu. Mwaka 1551 Turgut Reis na majeshi ya Waturuki waliivamia ngome hiyo hiyo na kuwachukua watu wapatao 5,000 utumwani Tripoli. Wenyeji hawajasahau, na mwongozi atakusimulia. Sikiliza kwa adabu; usimkatize ukaanza kumtajia dhambi za wengine.

Utaniambia likizo ni fupi. Lakini lile tao la mwamba la Dwejra, waliloliita Azure Window, watu walikuwa wakilifuata kutoka nchi za mbali ili wapigwe picha mbele yake, hata tarehe 8 Machi 2017 dhoruba ikaliangusha baharini. Kwa mwamba muda ulipatikana. Kwa Maimuna ndio unakosekana?

Kivuko cha kutoka Ċirkewwa hadi Mġarr huchukua kama dakika 25, na basi la kwenda Victoria lipo. Nenda asubuhi, kabla jua halijawa kali. Wachukue mke na watoto, wasomee jina lililo juu ya jiwe, mmwombee marehemu rehema, kisha mteremke mkaoge.