Sio Kila Pangaboi ni Bombadia

Mtaani kwetu ndege yenye mapanga ina majina mawili tu: pangaboi au Bombadia. La kwanza lina dharau kidogo. La pili limeshika tangu Septemba 2016, Air Tanzania ilipopokea Q400 mbili mpya zilizotengenezwa na Bombardier ya Kanada. Siku hizi hata ATR ya Precision Air, inayoundwa Ufaransa, ikipita watu wanasema, "Bombadia hiyo."

Wapo wasiokubali. Ni vijana wa Yombo, Kipawa na Kiwalani, jirani kabisa na Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, ambao mchezo wao ni kutambua ndege kwa picha. Mmoja anatoa picha kwenye simu, wenzake wanabishana. Na ubishi wao una kanuni: ukitaja jina, useme umejuaje.

Kuhesabu mapanga hakusaidii, maana Q400 ina sita kila upande na ATR za Precision nazo zina sita. Zote mbawa ziko juu ya madirisha, zote mkia ni kama herufi T. Jibu liko miguuni. Miguu ya Q400 ni mirefu na inashuka kutoka kwenye injini. Ya ATR ni mifupi, inatoka kwenye vifuko pembeni mwa tumbo. Boeing 737 nayo haijifichi: ikipita juu ya bati lako imeshakunja miguu, bado utaona duara mbili nyeusi tumboni, kwa sababu matairi yake makubwa hayafunikwi.

Hoja yangu ni kwamba hiyo ni elimu, na sisi tunaosomea ualimu tunaipita kila siku tukienda kuitafuta kwenye vitini.

TP ya mwaka jana nilipangiwa shule moja ya sekondari Temeke, kidato cha tatu, wanafunzi themanini na kitu. Mada ilikuwa ya Jiografia, kusoma na kutafsiri picha. Nikaonyesha picha ya ndege niliyoichapa mwenyewe. Darasa zima: "Bombadia!" Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono, akajibu kwa Kiswahili nami nikamwacha: "Madam, hapo huwezi kusema. Picha imekatwa chini, miguu haionekani. Pua naona kama ya ATR, ila sina uhakika. Lete nyingine."

Kwenye daftari la alama huyo alikuwa wa mwisho mwisho. Mwalimu mmoja alishaniambia nisipoteze muda naye. Lakini kati ya wote themanini, ni yeye peke yake aliyetenganisha anachokiona, anachokihisi na asichokijua, kisha akasema ushahidi gani unakosekana. Tangu 2005 mitaala yetu inasema inajenga umahiri. Kama huo sio umahiri, ni nini? Mtihani wetu ungempa sifuri kwa kutojaza jibu, na aliyebahatisha angepata vema.

Wapo watakaouliza, kujua ndege kutamsaidia nini mtoto wa Yombo? Fungua albamu ya zamani nyumbani. Familia kadhaa zina picha ya ndugu akisindikizwa uwanja wa ndege, nyuma haina tarehe. Kama ndege iliyoko nyuma yao ina injini nne zote mkiani, huenda ni Super VC10 ya East African Airways. Nasema huenda, kwa sababu Ilyushin 62 ya Wasovieti ina umbo hilohilo. Sasa tafuta usajili ubavuni: 5H ni Tanzania, 5Y Kenya, 5X Uganda. Super VC10 tano za shirika lile zilisajiliwa katika nchi zote tatu. Ya kwanza ilifika 1966, shirika likafa 1977. Bila kumuuliza mtu umeshapata kipindi cha picha, na umegusa historia ya Jumuiya ya kwanza. Kijana mwenye jicho hilo hatasambaza hovyo kila picha inayotumwa kwenye magrupu ya WhatsApp.

Simwambii mtoto akasimame kwenye uzio wa uwanja na simu. Mwaka 2001 wapenzi wa ndege kutoka Uingereza na Uholanzi walikamatwa Ugiriki kwa tuhuma za ujasusi, wakahukumiwa, hadi rufaa ilipowaachia. Picha zilizokwisha kuchapishwa zinatosha kabisa. Wala sijasahau kwamba darasa lina watu themanini na mwalimu ana silabasi ya kumaliza. Ndo maana naomba kitu kidogo: picha moja, kipindi kimoja. Na sio lazima iwe ndege. Wanafunzi wa Mbagala watakuchambulia daladala, wa Kigamboni vivuko.

Kwa hiyo wenzangu mnaojiandaa kwenda TP, mkionyesha picha msiulize tu "Hii ni nini?" Ulizeni na "Umejuaje?" Akitokea mwanafunzi akasema hajui, kisha akaeleza angehitaji kuona nini ili ajue, mpeni alama zake. Darasani kwangu atazipata.