Ligi za Fantasi Zisigeuzwe Kamari

Kila Agosti, Ligi Kuu ya Uingereza ifunguliwapo, vijana wengi wa Tetu hugeuka makocha. Wamo wachumao chai ya kiwanda cha Gathuthi, wamo wenye vibanda Wamagana, na wamo waliokwenda Nairobi au Doha kutafuta riziki. Kila mmoja hupewa pauni milioni 100 za kubuni, akanunua wachezaji 15, wasiozidi 3 wa klabu moja, kisha akamteua nahodha ambaye alama zake huhesabiwa maradufu. Huo ndio mchezo wa fantasi, ulioanzishwa msimu wa 2002/03, na kuucheza hakuna malipo.

Wapo wanaoubeza kuwa ni uvivu wa watu wazima. Hao hawajui asili yake. Mwaka 1980 Daniel Okrent na wenzake jijini New York walianzisha ligi ya kubuni ya besiboli, wakaipa jina la mkahawa waliokuwa wakila pamoja, La Rotisserie Française. Hesabu zilifanywa kwa mkono kutokana na takwimu za magazetini. Kabla ya kompyuta kuuchukua, basi, mchezo huu ulisimama juu ya meza ya chakula na uaminifu wa mweka hesabu.

Ndivyo ulivyo Tetu pia. Waliomaliza shule pamoja wakatawanyika wangekuwa wamekwisha kusahauliana. Aliyeko Ughaibuni hutuma ujumbe Ijumaa usiku kuuliza nahodha ni nani, na kabla ya kuaga ameuliza pia hali ya mama wa mwenzake aliyelazwa. Swali la pili lisingeulizwa bila la kwanza.

Kinachotishia ligi hizi ni fedha. Tangu SportPesa ilipoingia Kenya mwaka 2014, kamari ya simu imewazoesha vijana kuona kila mechi kama mtaji. Mchango wa shilingi 200 uliotumwa kwa M-Pesa hupandishwa hadi 5,000, na wa kwanza kujitoa kimyakimya ni asiye na kazi, yaani yule yule aliyehitaji wenzake zaidi.

Hapo ndipo ugomvi mdogo huota mizizi. Mfano ni saa za Uingereza. Wakati wa baridi, mechi ya kwanza ya Jumamosi ikianza saa tisa unusu kwa saa za Kenya, timu hufungwa saa nane, dakika 90 kabla. Mwisho wa Machi Waingereza husogeza saa zao mbele, na mlango ukafungwa saa saba. Asiyejua huachwa nje na nahodha aliyejeruhiwa. Kwa shilingi 200 atachekwa wiki nzima, naye atacheka. Kwa 5,000 atamshuku msimamizi kwamba alinyamaza makusudi, na ligi ya miaka kumi itavunjika kwa saa moja.

Heri mchango ubaki mdogo, kanuni ziandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka kabla ya Agosti, na msimamizi, mtu asiyeshukuriwa na yeyote, asitozwe chochote. Fedha zenyewe zisingoje bingwa wa Mei. Zinunue mbuzi Desemba, waliotawanyika wanaporudi nyumbani kwa Krismasi. Wakati huo msimu uko katikati, hakuna aliyeshinda bado, na hata anayeburura mkia anaweza kuketi Wamagana akatamba kwamba Januari watamwona.