Kutembea Ulaya Peke Yako: Anasa au Elimu?



Muhula uliopita chama chetu kilijadili hoja isemayo kwamba kijana wa Kenya anayetumia pesa zake kutembea Ulaya peke yake ni mpotevu. Upande wa kuunga hoja ulishinda, tena kwa makofi na vifijo. Mimi kengele ililia kabla sijapewa nafasi ya kusema. Sasa mhariri amenigawia kurasa, basi mnivumilie, maana nina dukuduku moyoni.

Walioshinda walisema Ulaya huendwa kwa masomo, kwa kazi au kwa matibabu. Ati mtu mwenye akili timamu hafungi shanta mgongoni akapanda ndege kwenda kuangalia majumba na mito, kisha akarudi vile vile alivyokwenda. Mmoja wao aliuliza, "Ukirudi utatuletea nini?" na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Wengine wakaongeza kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, sisi tuna shida zetu.

Hilo la mwisho ndilo lililonikera zaidi. Kwani nani aliwapa Wazungu hatimiliki ya kutembea? Mwaka 1325 kijana wa miaka 21 aitwaye Ibn Battuta aliaga wazazi wake huko Tangier, Morocco, akaondoka peke yake kwenda kuhiji Makka. Angeweza kurudi nyumbani baada ya kuhiji. Badala yake aliendelea, na mwaka 1331 akapita pwani yetu hii, akalala Mombasa usiku mmoja, akashika njia hadi Kilwa. Alirejea kwao mwaka 1349. Mwanahistoria wa leo akitaka kujua Kilwa ya siku zile ilikuwaje, lazima apitie kwa kijana huyo ambaye bila shaka kuna jirani aliyemwita mpotevu.

Na msidhani ni yeye tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, Amur bin Nasur wa Unguja alikuwa Berlin akiwafundisha Wajerumani Kiswahili, na aliandika habari za safari yake. Mwaka 1896, Selim bin Abakari, mtu wa Ngazija, alisafiri na tajiri wake Mjerumani hadi Urusi, akaiona Petersburg na Moscow, akaingia Siberia, akarudi kwa njia ya Asia ya Kati. Habari zake aliziandika kwa Kiswahili, na mwaka 1901 zilichapishwa Ujerumani katika kitabu cha Carl Velten kiitwacho Safari za Wasuaheli. Hebu fikirini! Zaidi ya miaka mia moja iliyopita kulikuwa na Kiswahili cha kusimulia theluji ya Siberia, nasi leo tunaambiana kwamba kusafiri si mila yetu. Kweli Selim hakwenda kwa nauli yake mwenyewe, alikuwa mtumishi. Lakini macho yalikuwa yake na kalamu ilikuwa yake.

Sasa nije nyumbani. Dada yangu mkubwa ni muuguzi katika hospitali moja mjini Thika. Kwa miaka minne aliweka akiba kidogo kidogo kwenye sako, na mwanzoni mwa mwaka 2024 akatutangazia sebuleni kwamba anataka kwenda Ulaya siku ishirini na nne, peke yake, kuona tu. Mlikuwa mwone nyuso za watu. Mama alimwuliza, "Kwani nani amekualika huko, mwanangu?" Baba hakusema kitu, alitoka nje kama anayekwenda kuangalia maji kwenye tangi. Mjomba akataka kujua kama amepata kazi huko na anatuficha. Aliyecheka ni shosho peke yake, ambaye alikuwa ametoka Gatundu kututembelea. Alisema, "Na Kenyatta alialikwa na nani?"

Nilikwenda kusoma habari hizo, na nawaambia shosho alijua alilosema. Kenyatta, ambaye kwao Gatundu si mbali na hapa Ruiru, aliondoka Mombasa Februari 1929 akiwa ametumwa London na chama cha Kikuyu Central Association kupeleka malalamiko juu ya ardhi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi. Lakini mwaka huo huo alivuka bahari akaenda Berlin na Moscow, jambo ambalo halikuwafurahisha wakubwa wa serikali ya kikoloni hata kidogo. Alirudi Kenya mwaka 1930, akaondoka tena mwaka 1931, na mara hii hakuiona nchi yake hadi mwaka 1946. Katika miaka hiyo 15 alisoma Moscow, akasoma London chini ya Profesa Malinowski, akaigiza kijisehemu katika filamu Sanders of the River iliyotoka mwaka 1935, akaandika Facing Mount Kenya mwaka 1938, na wakati wa vita akafanya kazi shambani huko Storrington, kusini mwa Uingereza. Pesa zilikuwa za kubahatisha. Nyumba nambari 95 ya Cambridge Street, London, alikokaa kati ya mwaka 1933 na 1937, ina kibao cha buluu ukutani chenye jina lake.

Najua mtaniambia Kenyatta alikwenda kwa siasa, si kwa matembezi. Kweli. Lakini je, wazee waliochanga nauli walimtuma Moscow? Walimtuma kudai ardhi. Yale mengine aliyaokota njiani, kwa sababu alikuwa mtu wa kutaka kuona, na mimi nasema aliyoyaokota njiani yalikuwa na uzito sawa na yale aliyotumwa. Asingekaa na watu wa mataifa mengine waliotawaliwa kama sisi, angejuaje kwamba shida ya Kiambu ilikuwa pia shida ya India na ya Ghana?

Turudi kwa dada. Ombi lake la kwanza la viza lilikataliwa. Ubalozi sitautaja. Mjue kwamba nchi 29 za Ulaya zina viza moja iitwayo Schengen, inayokuruhusu kukaa siku 90 katika kila siku 180. Mkenya akiitaka huleta taarifa za benki, barua ya mwajiri, mahali atakapolala, tikiti ya kurudi, na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Ada ya mtu mzima ilikuwa yuro 80, na tangu Juni 2024 ni 90, yaani zaidi ya shilingi elfu kumi na mbili. Ukikataliwa, ada hairudi. Barua ya kukataliwa ni fomu moja kwa nchi zote, ina vijisanduku, na dada alitiwa alama kwenye kile kisemacho kwamba kuna shaka kama kweli ataondoka kabla ya viza kwisha.

Angalieni jambo hili, wenzangu. Karani wa ubalozini na mama yangu mzazi waliuliza swali lile lile! Unakwenda kufanya nini? Nani amekuita? Hakuna hata mmoja kati yao aliyeweza kuamini kwamba mwanamke wa Ruiru mwenye kazi yake na mshahara wake anaweza kutaka tu kuona mto Rhine kisha arudi zamu ya Jumatatu. Mama nampa udhuru kwa sababu yake ilikuwa hofu ya mzazi. Yule karani simpi, kwa maana kijana wa kwao akitaka kuja Fourteen Falls na Ol Donyo Sabuk, tangu Januari 2024 hujaza fomu kwenye kompyuta, analipa dola 30, na hakuna anayemshuku kwamba atazamia Makongeni akose kurudi. Tunawaona hapa Thika wakishuka kwenye matatu na mashanta makubwa kama magunia ya makaa. Tunawakaribisha chai. Wakirudi kwao wanaitwa watu walioona dunia, na sisi tukitaka kwenda kwao tunaitwa watoro kabla hata hatujatoka mlangoni.

Ndiyo maana nasema hoja ya mjadala ule ni hatari, si kosa dogo la vijana wa shule. Tukikubali wenyewe kwamba Mkenya haendi Ulaya ila kutafuta kitu, tunamwandikia yule karani jibu lake.

Dada aliomba tena, na mara ya pili alipewa. Alisafiri Septemba 2024. Alishukia Amsterdam, akapita Köln, Hamburg, Berlin, Prague na Vienna, akapanda treni ya usiku akaamkia Roma. Alilala kwenye hosteli, chumba cha vitanda sita au vinane, kila mtu na kufuli yake. Hizi hosteli, walimu wetu, zilianzishwa na mwalimu! Richard Schirrmann, Mjerumani, alikuwa akitembea na wanafunzi wake mwaka 1909, mvua ya radi ikawakuta, wakajihifadhi usiku kucha katika jengo la shule. Hapo akapata wazo la kuwa na nyumba za bei nafuu za kulala vijana wanaotembea kwa miguu, na mwaka 1912 ya kwanza ikafunguliwa katika ngome ya Altena. (Nimeandika hili makusudi, ili ombi letu la safari ya chama lisikataliwe tena.)

Treni nazo zina tikiti za pamoja. Vijana wa huko wana Interrail tangu mwaka 1972, na sisi wa nje tuna Eurail, ambayo ilianza mapema zaidi, mwaka 1959. Isitoshe, tangu mwaka 2018 Umoja wa Ulaya umekuwa ukiwagawia vijana wa miaka 18 wanaochaguliwa tikiti za bure za kuzunguka nchi zao, mpango uitwao DiscoverEU. Sasa kama kutembea ni upotevu, mbona serikali zao zinawalipia watoto wao wapotee?

Kule Hamburg dada alitafuta kaburi la Salme binti Said, yule binti wa Sultani wa Unguja aliyeondoka kwao mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani Heinrich Ruete, akaitwa Emily, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu za maisha yake. Alifariki mwaka 1924, amezikwa Ohlsdorf. Makaburi hayo ni makubwa hata mabasi ya abiria hupita ndani yake, na dada alilazimika kupanda moja. Aliniambia alisimama pale peke yake, akawaza kuhusu mwanamke aliyefiwa na mumewe mwaka 1870 akabaki na watoto watatu katika nchi ya baridi, na akajikuta akimwamkia kwa Kiswahili, "Shikamoo, Bibi." Nimesoma vitabu vya historia miaka mitatu hapa shuleni na hakuna hata kimoja kilichonigusa kama hilo.

Sitaki kuwadanganya kwamba kila kitu kilikuwa asali. Kwenye mpaka fulani polisi walipanda behewa na kati ya watu wote waliokuwamo waliomba karatasi za watu wawili tu, yeye na kijana mwingine mweusi. Siku mbili mjini Prague alikuwa na homa na hapakuwa na wa kumpa hata maji. Jioni nyingine alikula mkate mtupu kwa sababu bei za mikahawa zilimtisha. Upweke, alisema, humjia mtu saa kumi na mbili jioni, wakati nyumbani chai inamiminwa. Na msichana akiwa peke yake lazima awe macho, afike mjini kabla ya giza, amwachie mtu nyumbani ratiba yake. Lakini hayo ya kuwa macho, jamani, hata kwenye steji ya Ruiru saa mbili usiku si tunayafanya?

Kuhusu pesa nitasema kwa kifupi. Mzazi asiuze ng'ombe, wala karo ya mdogo wako isiguswe, ili wewe ukapige picha kwenye mnara wa Eiffel. Hilo sote tunakubaliana. Lakini mtu mzima aliyefanya kazi akaweka chake, mbona akinunua gari la mtumba tunampigia vigelegele na akinunua tikiti tunamwitia wazee wa kanisa?

Yule aliyeuliza "utatuletea nini" namjibu hivi: dada alimletea mama ramani ya Vienna na kitambaa cha meza. Mama sasa huwasimulia wageni habari za treni ya usiku kana kwamba yeye ndiye aliyelala kwenye kile kitanda cha juu, na juzi nilimsikia akimwuliza dada pasipoti ya mtu wa umri wake huchukua muda gani.

Ninalo ombi kwa chama. Safari ya Selim bin Abakari imo pia katika kitabu cha Lyndon Harries, Swahili Prose Texts, cha mwaka 1965. Tukitafutiwe nakala kwa maktaba, tuisome kwenye mikutano ya Ijumaa badala ya kurudia methali zile zile. Na mwalimu wa jiografia ana ramani kubwa ya Ulaya yenye reli zote zilizochorwa kwa rangi nyekundu. Iko juu ya kabati, nyuma ya tufe lililovunjika. Ukimwomba, anakupa.